Nafasi ya Jicho: Urefu Peke Yake Si Usalama

Darubini ya bunduki haionyeshi picha popote pale jicho linapowekwa. Mwanga unaoingia kwenye lenzi ya mbele hukusanywa, hupinduliwa na lenzi za katikati ili picha isionekane kichwa chini, kisha hutoka kwenye lenzi ya nyuma na kukutana hewani, ukiunda duara dogo angavu. Mboni ya jicho ikiingia ndani ya duara hilo, mlengaji huona mandhari yote hadi ukingoni. Ikirudi nyuma, picha husinyaa na kuzungukwa na pete nyeusi. Ikisogea mbele kupita kiasi, au ikienda kando, kivuli chenye umbo la mwezi mchanga hula sehemu ya picha. Umbali kutoka kioo cha nyuma hadi lilipo duara hilo ndio unaoitwa nafasi ya jicho. Katika darubini za kawaida za bunduki za kuwindia, nafasi hiyo huwa kati ya milimita 80 na 100. Katika darubini za bastola, ambazo hutumiwa mkono ukiwa umenyooshwa, huweza kufika nusu mita.

Kuhusu kipimo hiki umeenea msimamo mmoja ambao hurudiwa madukani, katika vilabu vya kulenga shabaha na katika kambi za uwindaji kana kwamba ni sheria: nafasi ya jicho ikiwa ndefu zaidi, darubini ni bora zaidi. Kwa wenye msimamo huo, namba iliyoandikwa kwenye boksi ndiyo ngao ya uso. Mnunuzi akishachagua iliyo kubwa, kazi ya kufunga hubaki kuwa ya skrubu tu, na darubini hukaa popote pete zinapoifikisha. Mtu akipasuliwa nyusi baada ya hapo, lawama humwangukia yeye: hakujua kushika bunduki, aliogopa, alisogeza kichwa. Msimamo huu umebeba chembe ya ukweli, na ndiyo maana umedumu. Kwa ujumla wake, hata hivyo, ni wa makosa. Humpa mnunuzi kinga asiyokuwa nayo, humnyima uwezo wa kuona alioulipia, na humtwika mwanafunzi kosa la aliyemfungia darubini.

Chembe hiyo ya ukweli ni teke la bunduki. Risasi inapotoka mbele, bunduki hurudi nyuma, na darubini iliyofungwa juu yake hurudi nayo kwa kasi ileile. Bunduki ya .22 hurudi kwa kasi ndogo kiasi kwamba jicho laweza kuwa karibu na kioo bila dhara. Bunduki ya .308 yenye uzito wa kilo 3.8 hurudi kwa mita 3 na ushei kwa sekunde. Bunduki ya .375 H&H Magnum ni habari nyingine. Kaliba hiyo ilitoka Uingereza mwaka 1912 na hadi leo hubebwa na wawindaji wa nyati katika vitalu vya uwindaji vya Tanzania. Ikiwa na uzito wa kilo 4.2 na kurusha risasi ya gramu 19.4, hurudi kwa takriban mita 5 kwa sekunde, na nishati ya teke lake hukaribia jouli 57, karibu mara tatu ya ile ya .308. Mfupa wa nyusi umefunikwa na ngozi nyembamba. Ukingo wa chuma ukiugonga kwa kasi hiyo, ngozi hupasuka na kuacha kovu la nusu duara. Hakuna mtu makini anayepaswa kufunga darubini ya nafasi ya milimita 60 juu ya bunduki ya aina hiyo, na hilo halibishaniwi hapa.

Kinachobishaniwa ni kuchukua ukweli wa bunduki nzito na kuufanya kanuni ya bunduki zote, kisha kuichukua namba ya kiwandani na kuifanya umbali wa usalama. Namba hiyo si umbali wa usalama. Kwanza, kwa kawaida hupimwa kuanzia kwenye kioo, ilhali kinachogonga uso si kioo. Lenzi ya nyuma imetumbukizwa ndani ya mzinga wa darubini, na ukingo wa chuma au mpira huitangulia kwa milimita kadhaa. Milimita 90 za kwenye boksi zaweza kuwa milimita 85 au pungufu kati ya ukingo na mboni ya jicho, na mfupa wa nyusi uko mbele ya mboni. Anayevaa miwani hupoteza zaidi. Kioo cha miwani hukaa milimita 12 hadi 15 mbele ya jicho, na hicho ndicho kitakachogongwa kwanza. Mtu huyu akiambiwa kwamba ana milimita 90 za kuchezea, ameambiwa jambo lisilo la kweli.

Pili, katika darubini nyingi za ukuzaji unaobadilika, namba hiyo si moja. Darubini ya 3–9×40, ambayo ni ya kawaida kuliko zote, mara nyingi huwa na nafasi ndefu inapokuza mara 3 na fupi zaidi inapokuza mara 9. Tofauti yaweza kuwa milimita chache, na katika baadhi hufika sentimita mbili na nusu. Karatasi ya muuzaji ikitaja namba moja tu, mara nyingi hutaja ile inayovutia, yaani ya ukuzaji mdogo. Mlengaji aliyezoea kuona vizuri kwenye mara 3 huongeza ukuzaji hadi mara 9 kwa ajili ya shabaha ya mbali, picha hupotea, na shingo humpeleka mbele kuitafuta bila yeye kukusudia. Kichwa chake kimesogea kuelekea chuma katika dakika ileile ambayo macho na akili yake yote viko kwenye shabaha. Huyo hakukosa nidhamu. Alifuata picha, na kila jicho hufuata picha.

Tatu, na hili ndilo kubwa, namba ya kiwandani husema duara la mwanga liko wapi kutoka kwenye kioo. Haisemi kioo kiko wapi kutoka kwenye uso. Hilo huamuliwa na mahali darubini ilipofungwa kwenye bunduki, urefu wa kitako, urefu wa shingo ya mlengaji, unene wa nguo zake na mkao wake. Darubini yenye nafasi ya milimita 100 iliyofungwa nyuma mno ina hatari kuliko yenye milimita 85 iliyofungwa mahali pake. Mwenye ile ya kwanza akiweka shavu kwenye kitako kwa kawaida yake, jicho lake litakuwa milimita 65 au 70 kutoka kwenye kioo. Ataona kivuli kidogo pembeni, atakipuuza kwa sababu msalaba wa kulengea unaonekana, na atafyatua. Kwenye karatasi alikuwa na milimita 100. Usoni hakuwa nazo.

Mkao hubadilisha umbali huo kuliko watu wanavyodhani. Mtu anaposimama wima, au anapoegemeza bunduki juu ya vijiti vitatu vya porini, kichwa chake huwa nyuma. Akiketi, kichwa husogea mbele kidogo. Akilala kifudifudi, bega hujikunja, shingo hunyooka kuelekea mbele, na uso hupanda juu ya kitako kwa sentimita kadhaa. Kulenga juu mlimani ni kubaya zaidi, kwa sababu kitako huteleza chini ya bega na darubini hushuka kuelekea paji la uso. Wengi wanaopasuliwa nyusi hupasuliwa katika mikao hii miwili, na wengi wao walikuwa wamefungiwa darubini wakiwa wamesimama dukani, mbele ya kaunta, wakilenga ukuta.

Nguo nazo zina hesabu yake. Mwindaji mgeni kutoka Ulaya huenda alifungiwa darubini wakati wa baridi, akiwa na koti zito lililosukuma kitako mbele kwa sentimita mbili. Akifika Selous au Rungwa akiwa na shati jepesi, kitako huingia begani moja kwa moja, na jicho lake husogea karibu na kioo kwa sentimita zilezile mbili. Bunduki haijaguswa, darubini haijaguswa, namba ya kwenye boksi ni ileile, lakini kinga yake imepungua kwa zaidi ya moja ya tano.

Sasa iangaliwe bei ya urefu wenyewe, ambayo wenye msimamo huo huwa hawaitaji kabisa. Katika ufundi wa lenzi, nafasi ya jicho hailetwi bure. Lenzi ya nyuma ni kama dirisha: anayesimama karibu nalo huona uwanja mzima wa nje, na kila anaporudi nyuma hatua moja, kinachoonekana hupungua. Hesabu ya makadirio ni nyepesi. Kipenyo cha lenzi ya nyuma kigawanywe kwa nafasi ya jicho, jibu ligawanywe kwa ukuzaji, kisha lizidishwe kwa umbali wa shabaha. Lenzi ya nyuma ya milimita 36, nafasi ya milimita 90 na ukuzaji wa mara 4 hutoa upana wa mita 10 kwenye umbali wa mita 100. Nafasi ikiongezwa hadi milimita 100 bila kubadilisha kitu kingine, upana huwa mita 9. Ikiongezwa hadi milimita 250, hubaki mita 3.6, ambazo si nyingi kuliko urefu wa nyati mmoja aliyesimama ubavu pamoja na nafasi ndogo mbele na nyuma yake. Mwindaji anayehitaji kujua kama nyuma ya dume aliyemlenga yuko jike na ndama, au kama kundi limeanza kuhama, hana anasa ya kutupa upana huo.

Hujibiwa kwamba kiwanda chaweza kuongeza kipenyo cha lenzi ya nyuma ili kurudisha upana uliopotea. Chaweza, kwa kiasi. Lakini lenzi nene huhitaji mzinga mnene, na mzinga mnene hugongana na mkono wa bolti unapoinuliwa. Ili kuuepuka, darubini hupandishwa kwa pete ndefu, na ikipanda, shavu huinuka kutoka kwenye kitako. Shavu lisilo na pa kutulia huleta tatizo lilelile lililokuwa likikimbiwa: jicho halina mahali pamoja pa kurudi kila mara, na kichwa huelea mbele na nyuma.

Historia ya silaha ina ushahidi wa wazi kuhusu bei hii. Katika Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la Ujerumani liliwapa askari wake darubini ya ZF41, iliyofungwa mbele kwenye kiti cha nyenzo ya kulengea ya bunduki ya Kar98k, mbali na uso. Kwa upande wa usalama wa nyusi, haikuwa na mfano. Ilikuza mara 1.5 tu, na upana wa mandhari yake ulikuwa mdogo kiasi cha kumfanya askari atafute shabaha kupitia tundu. Wadunguzi wenyewe waliendelea kutegemea darubini za mara 4 zilizofungwa juu ya bolti, karibu na jicho. Jeshi lililokuwa na wahandisi wa lenzi hodari kuliko wengi halikuweza kuikwepa hesabu ya dirisha.

Mfano wa pili unastahili heshima zaidi, kwa sababu mtetezi wake alijua anachokifanya. Jeff Cooper, aliyeanzisha chuo cha Gunsite huko Arizona mwaka 1976, alieneza katika miaka ya 1980 wazo la bunduki nyepesi yenye darubini iliyofungwa mbele ya bolti, ikiwa na nafasi ya jicho ya sentimita 25 hivi. Sababu zake zilikuwa za kazi: mlengaji afungue macho yote mawili, aone kilicho pembeni ya darubini, abebe bunduki kwa mkono mmoja penye uwiano wa uzito, na apakie risasi kwa klipu kutoka juu bila kizuizi. Alichagua ukuzaji mdogo wa mara 2 au 3 kwa sababu alijua ukuzaji mkubwa usingewezekana kwa umbali huo. Hata hivyo, darubini hizo zina kasoro ambayo haikwepeki: jua likiwa chini nyuma ya mlengaji, alfajiri au jioni, mwanga wake huangukia lenzi ya nyuma iliyo wazi na kuifuta picha. Katika darubini ya karibu, kichwa cha mlengaji hukinga kioo hicho. Wanaomtaja Cooper kuwa shahidi wa kwamba nafasi ndefu ni bora humnukuu vibaya. Yeye alilipa bei ya urefu kwa makusudi ili anunue vitu vingine, na usalama wa nyusi haukuwa hoja yake kuu.

Upande wa pili wa mizani iko PSO-1, darubini ya Kisovieti ya bunduki ya Dragunov iliyoingizwa jeshini mwaka 1963. Nafasi yake ya jicho ni milimita 68, fupi kuliko ambayo muuzaji yeyote wa leo angethubutu kuisifia kwa kaliba ya 7.62×54R. Wasovieti waliweka kikombe cha mpira nyuma ya kioo. Mlengaji hulaza nyusi yake kwenye mpira, hivyo umbali huwa uleule kila mara na mpira husukuma kichwa taratibu badala ya chuma kukigonga. Bunduki yenyewe ina uzito wa zaidi ya kilo 4 na hujipakia yenyewe, jambo linalolainisha teke. Kwa milimita hizo 68 walipata upana wa nyuzi 6 kwenye ukuzaji wa mara 4, yaani zaidi ya mita 10 kwa mita 100, kutoka kwenye chombo chenye lenzi ya mbele ya milimita 24 tu. ACOG ya TA31 ya Marekani huenda mbali zaidi: nafasi yake ni milimita 38, upana wake nyuzi 7, na hutumika kwenye bunduki za 5.56 ambazo teke lake ni jouli 5 hivi. Kama urefu ungekuwa ndiyo usalama, maelfu ya askari waliobeba darubini hizi wangekuwa na makovu usoni. Hawakuwa nayo, kwa sababu ufupi ulipangwa pamoja na kaliba, uzito na mahali pa uso.

Lawama kwa mlengaji nazo hazina mashiko. Hoja husema kwamba mtu aliyefunzwa vizuri huweza kuweka kichwa mahali panapotakiwa, popote darubini ilipo. Huweza, kwa risasi tano za kiwanjani. Shingo iliyonyooshwa au kukunjwa ili kulifuata duara la mwanga huchoka baada ya muda mfupi, misuli hutetemeka, na mtetemo huo huingia kwenye msalaba. Mnyama akitokea ghafla, mwili hurudi kwenye mkao wake wa asili, na mkao huo haukupangiwa darubini. Majeshi yaliyolipa ujinga huu kwa damu yalijifunza mapema kurekebisha bunduki badala ya shingo. Waingereza walipoifanya Lee-Enfield No. 4 kuwa ya wadunguzi, kazi iliyofanywa na Holland & Holland, waliongeza kipande cha mbao kwenye kitako ili shavu lipande hadi usawa wa darubini. Wamarekani walilazimika kuifunga darubini ya M1C upande wa kushoto kwa sababu klipu ya Garand huingia kutoka juu, kwa hiyo wakakifungia kitako mto wa ngozi kwa kamba ili uso usogee kushoto na utulie. Hakuna aliyewaambia askari hao wajifunze kupinda shingo.

Urefu wa kitako ndio chanzo kinachosahaulika kuliko vyote. Bunduki nyingi hutoka kiwandani zikiwa na sentimita 34 hadi 35 kati ya kifyatulio na mwisho wa kitako, kipimo cha mwanamume wa urefu wa kati. Mtu mfupi, mwanamke mwenye mikono mifupi au kijana hukuta kitako ni kirefu, hivyo hurefusha shingo na uso wake huwa mbali na kioo. Mtu mrefu hukuta kinyume: uso wake hupanda mbele hadi karibu na kidole gumba cha mkono wa kufyatulia. Watu hawa wawili wakipewa bunduki moja yenye darubini moja, umbali wa macho yao kutoka kwenye kioo waweza kutofautiana kwa sentimita tano. Hakuna nafasi ya jicho ya milimita 100 inayoweza kuwafaa wote wawili. Dawa ya mfupi ni kukatiwa kitako, na ya mrefu ni kuongezewa kipande. Darubini huja baadaye.

Kuna pia ukubwa wa duara la mwanga wenyewe, ambao wanaopigania urefu huuacha kando ilhali ndio unaoamua kama jicho litaipata picha haraka. Kipenyo chake ni kipenyo cha lenzi ya mbele kikigawanywa kwa ukuzaji. Lenzi ya milimita 40 kwenye mara 4 hutoa duara la milimita 10. Kwenye mara 10 hutoa milimita 4. Mboni ya jicho mchana mkali huwa milimita 2 hadi 3, na gizani hupanuka hadi 7 kwa kijana na pungufu ya hapo kwa mtu mzima. Duara la milimita 10 huiachia mboni nafasi ya kuyumba kushoto, kulia, mbele na nyuma bila picha kukatika. Duara la milimita 4 huibana kila upande. Mnunuzi anayekimbilia ukuzaji wa mara 16 au 24 kwa sababu boksi limeandika nafasi ya milimita 95 amenunua umbali mrefu wenye mlango mwembamba. Kwa uwindaji wa porini, ambako risasi nyingi hupigwa chini ya mita 150, ukuzaji wa mara 1.5 hadi 6 humfaa zaidi, na milimita 90 humtosha hata akiwa na .375.

Kivuli pembeni ya picha nacho kisitiliwe chumvi. Wengine hudai kwamba kivuli kidogo tu hupeleka risasi nje kabisa ya shabaha. Darubini nyingi za kuwindia zimepangwa ili msalaba na shabaha vikubaliane kwenye mita 100 hivi. Kwa lenzi ya mbele ya milimita 40, jicho likiwa ukingoni kabisa mwa duara, kosa la juu kabisa kwenye mita 200 ni milimita 20. Hilo halimkosi nyati. Ubaya wa kivuli ni kwamba kinamwambia mlengaji kichwa chake hakiko mahali pake, na yeye amezoeshwa kutokisikiliza.

Kufunga darubini kwa haki huanza na bunduki tupu iliyokaguliwa mara mbili, kitako kikiwa tayari kimerekebishwa kwa mwenyewe. Darubini hulazwa kwenye pete, skrubu zikishika kidogo tu ili iweze kuteleza. Ukuzaji huwekwa kwenye kiwango cha juu kabisa, kwa sababu hapo ndipo nafasi huwa fupi na duara jembamba. Panapofaa hapo patafaa kwingine kote. Mwenye bunduki, akiwa na nguo atakazovaa porini na miwani yake kama anaivaa, hufumba macho, hupandisha bunduki begani, hulaza shavu kwenye kitako kama mwili unavyotaka, kisha hufungua macho. Picha ikiwa kamili, darubini husukumwa mbele polepole hadi pete nyeusi ianze kujitokeza, kisha hurudishwa kidogo sana. Kwa njia hii kinga yote inayopatikana imechukuliwa bila kupoteza upana.

Zoezi hilo hurudiwa kwa mikao yote: kusimama, kuketi, kupiga goti, kuegemea vijiti, kulala kifudifudi, na kulenga juu. Mikao ikigombana, ule wa kulala na ule wa kulenga juu hupewa uzito wa kwanza kwa bunduki yenye teke kali, na picha ya mkao wa kusimama huachwa ipungue kidogo ukingoni. Hapa ndipo hukumu ya fundi inapohitajika, na hapa ndipo fundi wa haraka hushindwa. Wakati mwingine bomba la darubini halina nafasi ya kutosha kati ya vifundo vya katikati na mzinga wa nyuma, au bunduki ina bolti ndefu na viti viwili vilivyotengana mno. Jibu si kukubali darubini ikae nyuma kwa sentimita mbili. Jibu ni reli ya kipande kimoja, ambayo kwa kipimo cha Picatinny ina nafasi za kufungia kila milimita 10, au pete zilizopinda mbele. Gharama yake ni ndogo kuliko nyuzi za kushonea nyusi.

Mahali pakishapatikana, msalaba husawazishwa, skrubu hukazwa kwa zamu kwa bisibisi ya kipimo, kwa kawaida karibu na nyutoni mita 2 au kama mtengenezaji alivyoandika, na mahali hapo huwekewa alama. Bunduki nzito hujaribiwa kwanza mlengaji akiwa amesimama, kamwe si juu ya benchi, kwa sababu benchi huuvuta uso mbele na kuunyima mwili nafasi ya kurudi nyuma na teke. Kisha kila anayekusudia kuitumia bunduki hiyo hupimwa upya. Klabu au kampuni ya uwindaji inayokodisha bunduki moja kwa wageni kumi, na kumfungia kila mmoja kwa kipimo cha mtu wa kwanza, haina haki ya kumlaumu yeyote kati yao atakayetoka na damu usoni.